Shawa Inakupiga Shoti Ukioga? Soma Hii Kabla Uite Fundi wa Mtaa

Kuna kitu wasee wengi wamezoea na haifai kuzoeleka. Unaingia bafu, unafungua maji, unashika mfereji, mkono unapata ule mwasho wa stima. Unautoa mbio, unacheka, halafu unaambia anayefuata, "Shika na taulo." Nyumba nzima inaishi hivyo miezi sita.

Manze, huo si mwasho. Hiyo ni stima inatafuta njia ya kwenda ardhini, na njia iliyo karibu ni wewe: uko uchi, umelowa maji, na miguu iko kwa saruji. Leo inakuguza tu. Siku moja itakushika na haitakuachilia.

Hii story inatugusa sana sisi watu wa Kisumu na pande za ziwa, kwa sababu siku hizi kila mtu anajenga dala. Umepata ka job mjini, umesimamisha simba yako pale Pap Onditi, mathe naye umemwekea bafu ya ndani na tangi jeusi juu ya stendi. Kitu cha mwisho ni shawa ya maji moto, ndio asikuwe anabeba karai kutoka jikoni akiwa na magoti mabaya. Wazo ni poa kabisa. Shida ni vile hiyo shawa inafungwa.

Basi tuifungue hii kitu moja kwa moja: inafanya kazi aje, unajuaje imekufa, unabadilisha vipi, na ni wapi unafaa kutoa mikono na kuachia mwenye leseni.

Ndani ya hiyo plastiki kuna nini?

Shawa ya stima, hii watu huita instanti, haina tangi la kuhifadhi maji moto. Wabrazili ndio wameizoea kuliko watu wengi duniani, na ndio maana jina la Lorenzetti, kampuni ya São Paulo, liko kwa karibu kila duka la hadiwea hapa Kenya.

Ndani kuna vitu viwili vya maana. Cha kwanza ni mpira mwembamba unaosukumwa na presha ya maji. Maji yakija na nguvu, mpira unasukuma vidude vya shaba vinagusana, stima inawaka. Maji yakikatika, vinaachana. Cha pili ni koili, yaani elementi: waya uliojikunja kama springi, unapata moto na maji yanapita juu yake.

Sasa skiza hii vizuri: kwa shawa za kawaida, hiyo koili iko uchi ndani ya maji. Maji unayooga nayo yamegusa waya wenye stima sekunde moja iliyopita. Imetengenezwa hivyo makusudi, na ikiwa imefungwa sawa inafanya kazi miaka bila noma. Lakini hiyo ndio sababu haina huruma kwa kazi ya kubahatisha.

Halafu kuna hesabu ya joto. Shawa ya wati 5500 ikipitisha lita 3 za maji kwa dakika, inayapandisha joto kama digrii 26. Ukifungua mfereji zaidi zikuwe lita 5 kwa dakika, inapandisha digrii 16 hivi tu. Kwa hivyo ukisikia maji ni vuguvugu, usikimbilie kusema shawa ni feki. Punguza maji kwanza.

Ready board haiwezi hii kazi, omera

Hapa ndio watu wengi wa mashinani huchomekea. Mradi wa Last Mile ulipoanza 2015, gharama ya kuunganishiwa stima ilishuka hadi shilingi 15,000, na nyumba nyingi ambazo hazikuwa na waya ndani zilipewa ready board: kibao kimoja chenye soketi chache na swichi ya balbu. Kwa taa, kuchaji simu na redio, iko sawa kabisa.

Lakini shawa ya wati 5500 inavuta kama ampi 25. Pulagi ya kawaida ya ukutani mwisho wake ni ampi 13. Ukiunganisha shawa kwa soketi, ama kwa waya mwembamba unaotoka kwa ready board, umeambia bomba dogo libebe mto. Waya unapata moto ndani ya ukuta, plastiki inayeyuka, na ukinusa harufu ya kuungua tayari umechelewa.

Shawa inahitaji njia yake pekee kutoka kwa boksi la breka. Haishiriki na soketi, haishiriki na taa. Kama nyumba ya mathe bado iko kwa ready board, hatua ya kwanza ni kuweka waya wa nyumba nzima. Shawa itangoja.

Imekufa ama inahitaji kurekebishwa tu?

Kabla ya kutoa thao kadhaa kununua mpya, angalia dalili.

Maji yanatoka baridi na taa ya swichi inawaka: mara nyingi ni koili imekatika, ama presha ya maji imekuwa ndogo hadi mpira hausukumwi. Jaribu saa ambayo tangi limejaa. Bado ni baridi? Ni koili. Fundi akiipima na mita, koili nzima ya wati 5500 inasoma kama omu 9. Iliyokatika haisomi kitu. Koili pekee huuzwa kwa mia chache, kwa hivyo usikubali kuuziwa shawa nzima kama mwili wake bado uko fiti.

Maji ni vuguvugu jioni tu, asubuhi ni moto: hiyo ni volti kushuka. Mtaa mzima ukiwasha vitu pamoja, na nyumba yako iko mwisho wa laini, volti zinapungua. Nguvu ya shawa hushuka haraka kuliko volti zenyewe. Shawa ya volti 220 ikipata 200, wati 5500 zinakuwa kama 4500. Kubadilisha shawa hakutasaidia hapo.

Breka inaruka kila ukiwasha: koili imegusa mahali haifai, maji yameingia kwa viungo vya waya, ama breka yenyewe ni ndogo. Usiibadilishe na kubwa zaidi ndio iache kuruka. Breka inaruka kukuokoa.

Swichi ina moto ukiigusa, ama imegeuka rangi ya kahawia: skrubu zimelegea ama waya ni mwembamba. Zima, usitumie tena.

Unapata mwasho wa stima: zima kwa boksi kuu leo. Sio kesho.

Plastiki imepasuka ama imeyeyuka kidogo: hapo hakuna kurekebisha. Nunua mpya.

Onja maji kwanza

Hii inaskika kama utani lakini ni siri ya kazi nzima. Maji ya mvua hayabebi stima sana. Maji yenye chumvi yanabeba vizuri mno. Sasa kumbuka koili iko uchi. Ukiweka shawa ya maji ya kawaida kwa nyumba inayotumia kisima chenye chumvi, stima inasafiri na maji hadi kichwani mwako, hata kama kila waya umefungwa vizuri.

Ndio maana kwa hadiwea kuna shawa za aina mbili: za maji ya kawaida na za maji ya chumvi. Za chumvi zina koili iliyofunikwa, na bei yake iko juu kidogo. Kama dala inatumia kisima, chukua ya chumvi. Na kama mnatumia maji ya mvua msimu mmoja na ya kisima msimu mwingine, bado chukua ya chumvi. Hiyo tofauti ya bei si pesa ya kubishania.

Dalili ya maji ya chumvi unaijua: sabuni haitoi povu, sufuria zinashika ukoko mweupe, chai inakuwa na ladha yake. Ukoko huo huo unajipaka kwa koili na kuimaliza mapema.

Vitu vya kununua

Angalia boksi la shawa: volti 220 hadi 240, wati zake, aina ya maji, na stika ya ISM ya KEBS inayowekwa kwa bidhaa za kutoka nje. Weka risiti.

Waya: kwa wati 5500 nenda na wa milimita 6. Kuna mafundi wanatumia wa 4 na inaweza kubeba kama umbali ni mfupi, lakini bafu ikiwa mbali na boksi, ule wa 6 haupati moto na haupotezi volti njiani. Wa 2.5 ni wa soketi. Fundi akikuja nao kwa kazi ya shawa, mrudishe stendi.

Breka ya ampi 32, ya shawa pekee. Swichi kubwa ya ampi 45 yenye kataa, inayokata nyaya zote mbili, na ikae nje ya bafu mahali maji hayafiki. Konekta ya kauri, ile nyeupe kama sahani, ya kuunganisha waya wa shawa na wa nyumba. Tepu nyeusi pekee haitoshi. Joto huilainisha na siku moja inafunguka.

Halafu kuna kitu mafundi wengi huruka kwa sababu mteja haulizi: kifaa cha kukata stima ikivuja, kinaitwa RCD, cha miliampi 30. Wacha nieleze kwa nini. Breka ya kawaida ya ampi 32 inalinda waya usiungue. Haikujui wewe. Moyo wa binadamu unaweza kusimama na stima ndogo kabisa, makumi tu ya miliampi. Ampi 32 ni zaidi ya mara 1000 ya miliampi 30. Yaani unaweza kufa umeshikwa na stima na breka ikae tu imetulia, haijaona kitu. RCD inalinganisha stima inayoenda na inayorudi. Ikipotea kidogo, maana yake inapitia mahali kwingine, pengine kwa mwili wa mtu, inakata mara moja.

Na waya wa ethi, yaani wa ardhini, wa kijani ama kijani na njano. Huu ndio unakatwa sana mitaani. Fundi anakwambia "hii haina kazi," anaukunja nyuma ya shawa, ama anaufunga pamoja na niutro. Ethi lazima iende hadi kwa fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini nje ya nyumba. Stima ikivuja, ipate njia rahisi ya kushuka kuliko kupitia wewe.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kuvuta waya mpya, kuweka breka na kupiga ethi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Muulize akuonyeshe. Hakuna haja ya kuona haya, hata dereva wa matatu huulizwa leseni. Lakini hata kama si wewe unashika koleo, simama hapo ukijua kinachofaa kufanyika.

1. Zima swichi ya shawa, halafu zima breka kwa boksi. Zote mbili. Ambia watu wa nyumba wasiguse, ama weka mtu hapo. Kuna mtoto mahali anataka kuona katuni na atawasha kila kitu.

2. Fundi apime na testa kwa nyaya zenyewe. Asiamini rangi. Nyumba za zamani zina nyekundu, nyeusi na kijani. Za sasa zina kahawia, samawati na kijani-njano. Na nyumba zingine ziliunganishwa na rangi iliyobaki kwa duka.

3. Funga maji. Fungua kichwa cha zamani, achia nyaya kwa konekta, zungusha utoe.

4. Fungulia maji kidogo kwa paipu tupu kabla ya kuweka mpya. Mchanga na vipande vya plastiki vilivyobaki ndani vinatoka. Visipotoka vitaziba kichujio cha shawa mpya wiki ya kwanza.

5. Zungushia uzi wa paipu tepu nyeupe ya maji, fungia shawa kwa mkono. Usitumie spana kubwa, plastiki inapasuka.

6. Unganisha nyaya: mbili za stima kwa konekta ya kauri, na ethi kwa ethi. Vuta kila waya kidogo kuona umeshika. Kiungo kilicholegea ndio huwa kinaanzisha moto.

7. Hii ndio hatua inayoua shawa mpya kila siku: kabla ya kuwasha stima, fungua maji yapite dakika moja nzima yakiwa baridi. Shawa lazima ijae maji kwanza. Ukiwasha koili ikiwa kavu, inakatika kwa sekunde chache, na duka halitakurudishia pesa.

8. Funga maji. Washa breka, washa swichi, chagua joto, halafu fungua maji. Ukitaka kubadilisha kiwango cha joto baadaye, funga maji kwanza.

9. Bonyeza kitufe cha kujaribu cha RCD. Ikikata, iko kazini. Fanya hivyo kila mwezi.

Kitu kingine ni urefu wa tangi. Kama maji yanashuka tu kutoka kwa tangi bila pampu, chini ya tangi pakuwe angalau mita 1 hadi 2 juu ya kichwa cha shawa. Chini ya hapo mpira ule hausukumwi na utaona ni kama shawa imekufa. Kuna shawa zenye pampu ndani yake kwa nyumba za aina hiyo.

Tokeni zitaisha aje?

Sasa tuongee ganji. Wati 5500 kwa dakika 10 ni karibu uniti 0.9. Mtu mmoja akioga hivyo kila siku, mwezi unaisha akiwa amekula kama uniti 28. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani inaishia uniti 30 kwa mwezi. Maana yake ni nini? Mathe aliyekuwa anatumia uniti 15 za taa na TV sasa anafika 43, na anahamishwa kwa bei ya juu kwa kila uniti, hata zile za balbu. Ukimwekea shawa, mwongezee pia pesa ya tokeni. La sivyo utapata ameizima na amerudi kwa karai.

Kuna ujanja wa bure lakini. Hili jua letu la ziwa si la mchezo. Tangi jeusi lililokaa nje mchana kutwa, jioni maji yake tayari ni vuguvugu. Weka shawa kwa kiwango cha chini, ama oga bila kuiwasha. Wacha ile ya moto zaidi ikuwe ya asubuhi na siku za mvua.

Na cha kushangaza, stima yenyewe inazalishwa hapo hapo Nyakach. Mtambo wa Sondu Miriu wa KenGen, uliofunguliwa 2008, unatoa megawati 60, na Sang'oro hapo chini yake ukaongeza 21 mwaka wa 2012. Megawati 60 ni kama shawa 10,900 zikiwashwa pamoja. Ukifikiria hivyo unaelewa kwa nini jioni volti zinalia.

Kama stima haiwezi, sola inaweza

Kwa familia kubwa, ama kwa bafu iliyo mbali na boksi, sola ya kuchemsha maji inalipa polepole. Serikali yenyewe ilitoa kanuni 2012 kwamba majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaweke sola. Haina haja ya pampu: maji yakipata joto kwa paneli yanakuwa mepesi, yanapanda hadi kwa tangi lake lililo juu, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi. Kwa hivyo tangi lazima likae juu ya paneli, na tangi la maji baridi likae juu zaidi ya yote. Kama maji ni ya chumvi, uliza juu ya ile fimbo ya magnesi ndani ya tangi. Inaliwa na kutu badala ya tangi, na inafaa kukaguliwa na kubadilishwa.

Na kama bado uko kwa ile koili ya kuchovya kwa ndoo, sawa, hatukucheki, msoto ni msoto. Lakini sheria ni moja: chomoa kwa ukuta kwanza, ndio mkono uguse maji. Tumia ndoo ya plastiki, na watoto wakae mbali.

Uliza fundi haya matano

Leseni yako iko wapi? Waya ni wa milimita ngapi? Ethi inaenda hadi wapi, nionyeshe fimbo? RCD iko? Hii shawa ni ya maji gani?

Akijibu yote bila kukasirika, mpe kazi. Akianza kusema "mimi nimefunga hizi miaka kumi," mshukuru, mpe fare, atafute wateja wengine. Miaka kumi ya kukata ethi ni miaka kumi ya kubahatisha na maisha ya watu.

Na kama ulisoma hadi hapa na shawa ya kwenu ina ule mwasho, usimalizie kwa kutumia marafiki hii link. Pigia mathe simu sasa hivi, mwambie azime ile swichi kubwa, aoge na karai hadi fundi afike. Atalalamika siku mbili tu.